Kochi Issa na Kadi Zote Zile

Tangu asubuhi nimesoma ujumbe wa binti yake mara nne, akili inakataa. Kochi Issa wa Ujiji hatunaye. Kiharusi. Tumemzika leo baada ya swala ya alasiri.

Nilikuwa uani na akina mama, nalia taratibu kama wenzangu. Nikafungua simu, nikaingia kwenye group la chuo. Kapteni wake wa zamani, ndiyo, kapteni mwenyewe, ameandika: "Mzee mzuri sana, ila timu yake ilikuwa ya wahuni. Nidhamu ilimshinda."

Na watu wanaweka dole gumba! Jamani!

Hapana. Hapa sinyamazi. Nilishanyamaza mara moja na bado inaniuma.

Kwa msiomjua: Issa alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni kwetu na kocha wa mpira. Mimi, mgeni kutoka Iringa, nilifundisha Kiswahili, nikaandika minutes za vikao vya walimu, nikawa pia meneja wa timu kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Aliniita Mama Faili.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa Burundi. Kambi zimefurika, na hapa Kigoma mjini ukiwa na lafudhi ya milimani tu unasimamishwa njiani, unaulizwa kwenu wapi.

Winga wetu, Ezekieli, alikuwa Muha wa Kalinzi, huko milimani. Mpole mpaka akikupiga chenga anakuomba radhi.

Mechi ya kwanza ya mashindano ya vyuo, beki wa wapinzani alimwambia kila alipogusa mpira: "Mrundi, rudi kambini!" Mashabiki wakadakia, uwanja mzima.

Kapteni wetu akamtandika yule beki ngumi ya mdomo. Kadi nyekundu. Wakati anatoka, Kochi akampigapiga begani. Nilikuwa pembeni yake, nikaona. Tuseme ukweli, hata mimi nilifurahi.

Vijana nao waliona. Kuanzia hapo ikawa ruhusa.

Mechi ya pili kadi mbili, na hakuna aliyetukanwa. Ya nne, golikipa wetu akamtemea mate mwamuzi. Tukakatwa pointi. Kochi akafoka, akawakimbiza mpaka Katubuka na kurudi. Wapi! "Ndiyo Kochi, ndiyo Kochi," halafu Jumamosi yaleyale.

Mpaka siku kapteni alipomrukia kijana wa timu nyingine miguu miwili, mguu ukavunjika. Kijana ambaye hakuwa amefungua mdomo wake mechi nzima. Nilisikia mlio wa mfupa kutoka kwenye benchi.

Kesho yake Kochi akaita timu yote waende kwa wazazi wa yule kijana kuomba radhi. Walikuja wanne. Kapteni alisema ana discussion ya masomo.

Kochi akapiga magoti mbele ya yule mama. Mtu mzima, na kanzu yake, kwenye vumbi. Mama akamwambia, "Inuka, mwalimu. Si wewe uliyemvunja."

"Ni mimi, mama," akamjibu. "Nilianza mimi."

Jumatatu mkuu wa chuo akaitisha kikao. Jibu alikuwa nalo mfukoni. "Ugomvi wote huu umeletwa na yule Mrundi. Tumwondoe, mambo yaishe."

Nikajitutumua. "Mkuu, Ezekieli ni wa Kalinzi. Ni Mtanzania."

Kochi akanigeukia mimi, siyo mkuu, kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Na angekuwa ametoka kambini kweli, Mama Faili, ingekuwa halali kumfanyia hivi?"

Sikuwa na pa kuficha uso.

Kisha akasimama. "Huyo kijana hana hata kadi ya njano. Kadi zote ni zangu. Ile ya kwanza niliifurahia, na vijana wakaniona nimefurahi. Mkitafuta wa kufukuza, anzeni na mimi. Lakini na nyie mliosikia matusi yale mkacheka jukwaani, mjiulize."

Baadhi ya waliocheka walikuwa mezani pale pale.

Mkuu akanitazama. "Mwalimu, andika: kocha amekiri kushindwa kusimamia nidhamu. Nukta."

Nikaandika. Na nukta nikaweka.

Ezekieli alibaki chuoni. Kochi akahamishiwa shule moja ya mbali, safari ya kutwa nzima. Siku anaondoka, katika timu yote alikuja Ezekieli peke yake, akambebea godoro mpaka stendi. Kapteni alikuwa anacheza drafti kwenye veranda ya bweni. Nilimpita nikamwona.

Miaka mingi baadaye nilimfuata Kochi Ujiji nimwombe msamaha. Alikuwa amestaafu. Nikamweleza yote, naona anacheka.

"Hukuandika uongo, Mama Faili. Ulikata tu maneno yangu katikati." Akanimiminia kahawa. Heri angenigombeza.

Sasa wewe Kapteni. Ile timu ya wahuni, wewe ulikuwa nani humo? Ripoti za waamuzi nilikuwa nazipokea mimi, na jina la kwanza lilikuwa lako! Mwenzio alibeba kosa lake, akabeba na lako, akapoteza kazi aliyoipenda, leo hata udongo haujakauka unamsema? Huna aibu?

Ezekieli ameteremka leo kutoka Kalinzi na mvua yote ile. Alipofika alikwenda moja kwa moja kushika jeneza. Hakuandika kitu kwenye group.

Comment yako unaweza kuifuta. Hii yangu sifuti, hata mkinitoa kwenye group.

Kochi wangu, wewe ulikiri kosa lako siku lilipokugharimu. Mimi nakiri langu ukiwa kaburini, na najua ni rahisi mno hivi.

Mungu akupokee. Lala, kaka yangu. Hukumwachia mtu kosa lako alibebe.