Bendi ya Nyuzi ya Al-Nuzha

Mwezi uliopita, hapa Riyadh, nilitoka zamu ya asubuhi hospitalini nikapitia jumba la maduka kununua maziwa. Uani kulikuwa na vijana watatu wanapiga muziki: mmoja fidla, mmoja gitaa, mmoja banjo. Watu wamekaa na watoto wao wanakula bisi, hakuna anayeshtuka, hakuna anayechungulia mlangoni. Ungedhani ningefurahi. Ndugu yangu, nilikasirika mpaka nikasahau maziwa.

Nililelewa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ghorofa ya tatu. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Kazini kwake kulikuwa na Mmarekani mmoja, mtu wa milimani huko kwao, ambaye mkataba wake ulipoisha alimwachia baba banjo na kanda mbili za muziki wa kijijini kwake. Baba ni mtu wa Kakamega, amekua akisikia gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Alizisikiliza zile kanda akasema, "Hawa ni jamaa zetu, walipotea njia tu." Tangu siku hiyo nyumba yetu haikupumua.

Mtu wa fidla alijileta mwenyewe: Mzanzibari, fundi wa viyoyozi, aliyekuja kutengeneza cha kwetu, akaona banjo ukutani akasahau kilichomleta. Kisha akaja dereva, Mkenya mwenzetu kutoka Taita, aliyekuwa akiendesha gari la familia moja ya mtaa wa Aziziya. Yeye alikuwa na gitaa, na mkono wa kulia ambao baba aliusifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi. Kila Ijumaa baada ya sala walikuwa kwetu, ilimradi madam wa dereva hana safari.

Siku zile nchi hii haikuruhusu muziki kupigwa ovyo. Jirani wa chini alishakuja kugonga mara mbili, na baba aliiogopea ikama yake, kibali cha ukaazi, kama mtu anavyoogopea jicho lake. Basi magodoro yaliegemezwa madirishani, taulo ikawekwa chini ya mlango, na tumboni mwa banjo zikashindiliwa nepi za mdogo wangu. Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kuwasha mashine ya kufyonza vumbi pale koridoni na kuipitisha kwenye zulia lile lile mpaka wamalize.

Unaelewa? Bendi ilikuwa nyumbani kwetu, na mimi sikuisikia. Niliona vidole vinakimbia, niliona kiatu cha dereva kikigonga sakafu, niliona Mzanzibari amefumba macho, shavu limelalia fidla. Masikioni nilikuwa na vuuu, vuuu tu. Mama yuko jikoni na maandazi yake, iliki inanukia nyumba nzima, analalamika kwamba zulia limebaki kipara.

Halafu Wakenya wa Jeddah wakapanga kumuaga mwalimu wetu, aliyekuwa anarudi nyumbani. Walikodi istiraha, uga wenye ukuta mrefu nje ya mji, na bendi ikaombwa ipige. Uwanjani! Bila magodoro, bila mashine. Asubuhi ya siku yenyewe baba alizitoa nepi kwenye banjo, akaipiga kidole mara moja tu, ngaa, akanikonyeza.

Wali ukaliwa, kuku wakaliwa, dereva hajafika. Simu yake inaita, haipokelewi. Alasiri ikaingia.

"Kaka, tupige wawili," Mzanzibari alisema. "Watu wamekaa wanatungoja."

"Bila gitaa hatupigi," baba alijibu.

"Hata moja tu. Mtoto wako huyu tangu asubuhi kaning'ang'ania."

"Nimesema hatupigi. Halas."

Nilimwomba nami, nikalia. Hakuniangalia. Kabla ya magharibi mwenye istiraha alikuja na funguo, watu wakakusanya sufuria zao. Mzanzibari alilaza fidla sandukuni, akalifunga, akaondoka bila kuaga. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Dereva tukasikia amehamia Riyadh na mabosi wake. Baba akasema, "Ametutupa," na banjo ikapanda juu ya kabati.

Basi baada ya wale vijana wa uani nilianza kumtafuta dereva. Niliuliza kwenye kundi la Wakenya la simuni, na haikuchukua wiki. Tulikutana kwenye mkahawa. Nywele zimekuwa nyeupe. Sasa anamwendesha mtoto wa yule madam. Sikungoja hata chai ifike.

"Anko, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Istiraha. Madam alikuwa dukani tangu saa nane, na simu yangu alikuwa nayo yeye, yake ilikuwa imeisha chaji. Mimi niko nje kwenye gari, gitaa liko kwenye buti. Alipotoka nikamrudisha nyumbani, nikamwomba ruhusa, akanipa saa moja. Niliendesha kama mwendawazimu. Nikakuta geti limefungwa, hakuna hata gari moja. Nikajua mmepiga bila mimi, mambo yameisha. Kesho yake ikawa yalla, twende Riyadh."

"Mbona hukupiga simu?"

"Niliona haya. Na babako, mbona hakupiga?"

Jioni ile nilimpigia baba, Kakamega. Nikamweleza yote.

"Alifika?"

"Alifika, baba. Tulikuwa tumeshaondoka."

"Basi tungengoja kidogo."

"Hukuhitaji kungoja!" Sijawahi kumpandishia baba sauti namna ile. "Ulihitaji kupiga!"

"Niliogopa, mwanangu. Bila mkono wa yule mtu, banjo yangu ilikuwa kelele tu. Sikutaka wewe uisikie hivyo."

Sasa wanapigiana simu kila Jumapili, wazee wawili, wanazungumzia mvua na sukari ya damu. Gitaa liliuzwa zamani. Ngozi ya banjo ilitafunwa na panya, na vidole vya baba vimekakamaa. Hakuna aliyewahi kuwarekodi. Nimewaomba angalau waniimbie kwa mdomo wimbo mmoja tu wa siku zile, ule waliopenda kuanza nao. Kila mmoja ana wake, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake amekosea. Mtu wa fidla ndiye angeamua, naye tulisikia alizikwa Unguja mwaka juzi.