Jina la Hodan liko kwenye faili mama

Wiki ya tatu leo, na asubuhi bado nimekuandikia, Hodan, "umefika?" kabla sijakumbuka. Jamani, Hodan wangu, Hodan wa ofisi yetu hapa Garissa, amezikwa. Figo zimemchukua.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyetengeneza masomo ya simu wanayosoma wahudumu wa afya, Balambala, Modogashe hadi Tarbaj. Ukiona herufi kubwa na kitufe ambacho kidole hakikikosi, huyo ni yeye.

Rangi zile hakuzichagulia chini ya feni. Aliwapelekea akina mama wa soko la maziwa simu saa saba mchana, na jua letu mnalijua, akawauliza, "Mnaona?" Wakisema hawaoni, anarudi kubadilisha. Mara sita, wallahi.

Nilipoajiriwa, mimi mtu wa Mwingi, alinikuta nabadilisha vichwa vya masomo slaidi baada ya slaidi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Abaayo, dada yangu, wewe nafukuza ngamia moja moja? Shika ile ya kengele. Hizo ingine zitafuata."

Ngamia wa kengele ilikuwa faili moja alimohifadhi mitindo yetu yote: herufi, rangi, vitufe, na ule mstari mdogo wa chini. Kila somo jipya linaanzia hapo, ndiyo default yetu. Ukibadilisha pale, masomo yote yanafuata. Tuliiita faili mama.

Bosi hakuwahi kuuliza inafanyaje kazi. Yeye alijua neno moja tu: "Deadline haingoji hospitali."

Siku za dialysis Hodan alikwenda na laptop, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye kibodi. Siku moja bosi akampigia simu pale pale: kwenye mstari wa chini aandike "Limebuniwa na", kisha jina la bosi.

Aliandika. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alisema tu, "Wacha, abaayo. Mungu najua kusoma."

Siku ya maziko wanaume waliulizana nje, mwenye kinyongo na marehemu amsamehe. Sisi wanawake ndani tukasikia sauti ya bosi: "Mimi nimemsamehe yote. Hata kuchelewesha kazi."

Kuchelewesha! Niliuma leso. Ningekuwa karibu ningemrushia kiatu.

Lakini aliyenimaliza ni Hooyo, mama yake. Tukiwa bado kwenye taazia aliniomba nimwonyeshe kazi ya binti yake. Nikamfungulia somo. Alilitazama lote, kisha akaweka kidole chini.

"Hii ni jina yake?"

Hooyo hajui kusoma. Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Hapana, Hooyo."

"Basi iko wabi?"

Kesho yake nilifika ofisini kabla mlinzi hajamaliza chai. Nikafungua faili mama, nikafuta jina la bosi, nikaandika la Hodan. Nikasave. Nikaisambaza kwenye masomo yote. Ndiyo, ni mimi. Sikutumwa na mtu.

Tangu Jumatatu bosi anafuta. Miwani puani, slaidi moja, slaidi ya pili, shati limelowa. Akifungua somo jipya, Hodan yupo. Ameita fundi, fundi akatengeneza printa akaenda zake.

Akaja kuuliza ofisi nzima nani anajua jina linakotoka. Nikamjibu, "Aliyekuwa anajua ulimsamehe, bosi."

Mnaniandikia inbox nimwachie Mungu. Nimemwachia. Faili nimebaki nayo.

Bosi, najua unasoma hapa. Barua ya kunifukuza iandike leo. Tumia herufi za Hodan, maana zako huna. Kazi nyingine nitatafuta. Wewe mwingine kama yeye utamtoa wapi? Mimi sijakusamehe, na siharakishi.

Jana nilirudi kwa Hooyo na simu. Akaweka kidole pale pale chini.

"Hii?"

"Hii, Hooyo."

Hakukitoa kidole mpaka skrini ikazima. Kisha akaniambia niiwashe tena.

Mungu akurehemu, Hodan. Pumzika, abaayo, mikono yote miwili iko huru sasa. Bosi bado yuko kwenye meza yake, anafukuza ngamia mmoja mmoja.