Mistari Mitatu ya Mama

Mwanamke anayenisomea kitabu ndani ya simu alijikwaa kwenye neno. Akavuta pumzi, akalirudia taratibu, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Nilikuwa ghalani kwangu Olasiti, mashine za mbao zimezimwa, nakula ndizi na nyama. Kijiko kikabaki hewani. Kitabu chenyewe ni riwaya ya zamani ya Kimarekani iliyotiwa Kiswahili, habari za watu wa mashambani, na mjukuu wangu Neema ndiye aliyeniwekea. "Babu, hiki husomi, unasikiliza tu," aliniambia. Kilishaninasa. Lakini pale msomaji alipojikwaa, sikumsikia tena yeye. Nilimsikia mama yangu.

Nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi niliishia darasa la nne, na huwa nalisema kwa majivuno, maana nimejenga nyumba tatu na waliomaliza vyuo wananiomba kazi. Hili la leo halina majivuno.

Tulikaa juu kidogo ya Usa River, upande wa mlimani, migomba mpaka mlangoni. Utotoni mama hakuwahi kukalia dawati. Yalipoanza masomo ya watu wazima, ngumbaru kama tulivyoyaita, akaenda na mdogo wangu mgongoni. Kila asubuhi akishakamua ng'ombe alikaa jikoni karibu na moto, kitabu gotini, kidole chini ya neno, mikono ingali inanuka maziwa na moshi. Alisoma kwa vipande, midomo ikitangulia sauti. Akikosea alicheka peke yake. "Aliyechelewa kupanda," alikuwa akisema, "asione haya kupalilia."

Mwaka ule mwinjilisti akampa mistari mitatu aisome kanisani Sikukuu ya Mavuno, kabla ya mnada wa mazao. Kwa mwanamke wa ngumbaru hilo halikuwa jambo dogo. Alishonesha gauni. Aliisoma ile mistari mpaka kuku wakaijua.

Jumamosi, siku moja kabla, majirani walikuja kutusaidia kupukuchua mahindi. Mimi niko darasa la tatu, naona nimeimaliza dunia. Mama alipoingia ndani kuchukua chai, nikaokota ganda la hindi, nikalifungua kama kitabu, nikalamba kidole, nikaanza: "Bwa... bwa... Bwa-na... a... a-ka..." Macho nimeyatoa, midomo inacheza kabla ya sauti, kama nilivyomwona. Wanawake walicheka mpaka punje zikamwagika. Mama Elia, jirani yetu wa uzio mmoja, alijipiga mapaja.

"Jamani, huyu ni mama yake mtupu! Hebu rudia, mwalimu!"

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Nilipogeuka, mama amesimama mlangoni na birika.

Hakunipiga. Ningepigwa, ningeshasahau. Alicheka pamoja nao, akamimina chai, akasema, "Haya, mwalimu mkuu, wagawie wageni vikombe." Nikadhani yameisha.

Kesho yake kanisa lilinuka ndizi mbivu na kuku waliofungwa miguu. Mwinjilisti akaita jina lake. Mama akatembea mpaka mbele na gauni lake jipya, akafungua kitabu, akaweka kidole. Kisha akainua macho, akatuangalia. Mimi nikainamisha kichwa. Kuku walisikika wakipapatika.

"Naomba radhi, mtumishi," akasema. "Nimesahau miwani."

Mama hakuwahi kuwa na miwani. Alikuwa akiona kupe kwenye sikio la ng'ombe akiwa upande wa pili wa uwanja. Mama Elia akaangalia sakafu. Mwinjilisti akasoma mwenyewe.

Tukirudi nyumbani, baba akamuuliza imekuwaje. "Macho," alijibu, basi. Alikuwa amenishika mkono, hakuubana wala hakuuachia. Darasani hakurudi tena. Kitabu chake cha ngumbaru kiliishia jikoni, kikiwashia moto ukurasa kwa ukurasa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kununua kiwanja changu cha kwanza. Karani akanisukumia mkataba. "Soma kwanza, mzee wangu, ndipo uweke sahihi." Maandishi marefu, ya kisheria, na watu wamejipanga nyuma yangu. Nikajisikia nikisema, "Nimesahau miwani." Karani akatabasamu kidogo tu. Pale ndipo nilipojua kwamba kanisa zima lilielewa siku ile, na mama alijua kuwa limeelewa. Na bado, baba alipomuuliza, hakunitaja. Angeweza kunitaja kwa neno moja, na fimbo ilikuwa karibu.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia kabla hajafa. Nilimjengea nyumba ya matofali, nikamnunulia ng'ombe wa maziwa, watu wakanisifu, naye akanibariki kwa mikono miwili. Lakini kukaa karibu naye niseme, "Mama, nisamehe, hebu nisomee ile mistari," sikuweza. Nilijifanya nina kazi nyingi. Aibu ile ilikuwa yangu tangu siku ya mahindi. Yeye ndiye aliyeivaa kwenda kanisani.