Mjusi wa Mlangoni Petu

Mume wangu alikuwa mtu wa asili ya pwani, na katika bidhaa zote alizoleta Karagwe, ubishi ndio haukuwahi kuisha dukani kwake. Nilipopata mimba ya kwanza alitaka nijifungulie palepale, ili amwadhinie mtoto mwenyewe. Mimi nilitaka kwa mama yangu, kijijini Rugu. Niliogopa, na nilitaka mikono ya mama.

Mlangoni petu aliishi mjusi mnene wa mistari, magamba yanang'aa kama kapakwa samli. Mume wangu alimheshimu: huyo mjusi islamu, haguswi. Wale wa ukutani wenye macho makubwa, mjusi kafiri, aliwapiga kwa makubadhi. Mama alipokuja kunitazama alisema yule wa mistari ana mimba kama mimi, naye hatagi, anazaa. Mume wangu akacheka, mjusi gani asiyetaga? Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani, basi mama alikaa nyuma ya ua, nami na tumbo langu nikawa mpeleka maneno. Mama akataka wapinge. Kamari ni haramu, akasema mume wangu, kwa hiyo akaapa tu: mjusi akizaa, ataniacha niende kujifungulia Rugu; akitaga, nabaki.

Punde akaokota mayai mawili meupe nyuma ya robota la vitambaa vya merikani. Akayalaza kwenye kikombe chenye pamba, na hakuna aliyenunua chumvi bila kuonyeshwa. Nikakata tamaa ya Rugu, nikalia jikoni.

Mayai yakapasuka. Vikatoka vitoto viwili vya macho makubwa, vikapanda ukutani: mijusi kafiri watupu, waliolelewa kwenye pamba na adui yao. Nilicheka hadi nikashika kiuno.

Mama aliporudi kunitazama, yule wa mistari akazaa kizingitini, asubuhi, mbele ya wateja. Watoto walitoka wazima, wembamba, wakajichomoa kwenye utando na kukimbia. Mama yao hakugeuka nyuma, akaenda kuota jua.

Mume wangu hakukubali kushindwa. Akasema basi hata mjusi kazaa mlangoni pa duka, hakwenda popote. Nikayapeleka maneno nyuma ya ua.

"Mwambie mumeo," mama akasema, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, "mjusi kazaa mlangoni kwa kuwa hana mama. Wewe unaye."

Mume wangu akaingia ndani kunifungia mzigo.