Maiti Aliyekataa Bastola

Mimi nimewahi kufa. Nikafufuka mbele ya kamera, nikafukuzwa kazi.

Ilikuwa tamthilia ya polisi ya runinga. Niliigiza jambazi aliyepigwa risasi. Kazi yenyewe: lala, usipumue.

Sikumwambia mtu pale kwamba kaka yangu aliuawa na polisi kweli. Alikuwa fundi cherehani. Walidai walimkuta ameshika bastola mkono wa kulia.

Kaka alikuwa mashoto. Hata mkasi wake, wa mkono wa kushoto, ulinishinda kuutumia.

Tulilalamika kila ofisi. Jibu lile lile: "Faili limefungwa."

Basi nimelala sakafuni, rangi nyekundu shingoni. Mwigizaji mkuu, inspekta shujaa, anatakiwa kunibambikia bastola. Hajui aanzie wapi.

Mshauri wao, afande mstaafu, akachuchumaa.

"Si hivyo, bwana! Mkono wa kulia. Finya vidole kabla havijakakamaa."

Akavifinya vyangu.

Nikafungua kiganja. Bastola ikaanguka, kwaa!

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Wewe si umekufa?"

Tukarudia. Ikaanguka tena.

"Maiti gani mbishi hivi!" Watu wakacheka.

Mara ya tatu afande akaninong'oneza, "Dogo, una shida gani?"

"Kaka yangu mlimwekea kulia. Yule fundi cherehani wa nyuma ya stendi. Alikuwa mashoto."

Akanikazia macho. Nikajua amemkumbuka. Nilidhani atakana.

"Tungejuaje?" akatabasamu. "Maiti haulizwi."

Nikasimama na damu yangu ya rangi. "Rudia hayo kwa sauti, afande!"

Akajifanya kiziwi. Mwongozaji akanionyesha mlango.

Nilikuwa nimefika getini nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Fundi sauti. Kipaza sauti chake, kile cha fimbo ndefu, kilikuwa juu ya vichwa vyetu muda wote, kikirekodi.

"Amekataa kurudia?" akanivisha spika za masikioni. "Huyu hapa, anarudia."

*Maiti haulizwi.* Akanitumia sauti hiyo kwenye simu.

Tamthilia ilirushwa bila mimi. Inspekta alibaki shujaa, bastola ikakaa vizuri mkononi mwa maiti mwingine, mtiifu.

Mama aliizima runinga kabla haijaisha. Akavaa viatu.

"Chukua hiyo sauti, mwanangu. Twende kwa wakili."

Faili limefunguliwa. Kesi bado ni mbichi, na simu za vitisho tunazipokea. Tunazirekodi pia.

Naandika haya ili kaka asibaki jambazi kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Na wewe uliyefiwa kama sisi, usikubali kusimuliwa marehemu wako na waliomuua.

Maiti haulizwi? Sawa. Tuulizeni sisi tuliobaki.