Gari Haliondoki Bila Mama Mkwe

Umeliona. Usijitie hamnazo. Jana lilikupita njiani, gari dogo la familia, limelala chini kama paka anayevizia, rimu zinameta, watoto wamejaa kiti cha nyuma. Kila lilipopanda tuta lilitoa sauti ya kitu kinachosagwa. Ulisikia. Ukasema, "Watu na mbwembwe zao," ukageuza uso, ukaenda zako. Siku tairi likipasuka, utakuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba fundi ni muuaji.

Leo hugeuzi uso. Leo unaingia uani kwa fundi.

Ni Jumamosi asubuhi. Mwanamke mwenye ovaroli iliyopauka magotini amelala chali juu ya kipande cha zulia kuukuu, chini ya gari jeupe lililoinuliwa kwa stendi nne. Inaonekana miguu tu, na sauti inasikika. Mtaa mzima unamwita Dada Springi, na jina la kuzaliwa analitumia benki peke yake.

Mwenye gari ni kinyozi wa mtaa wa pili. Amechuchumaa karibu na gurudumu, anapima kwa mkono nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi.

"Dada, shusha kidogo tu. Hapa ngumi bado inapita."

"Ngumi ya nani?"

"Yangu."

"Ya kinyozi hiyo. Haijawahi kubeba kitu kizito kuliko kitana."

Kinyozi amenunua rimu mpya, pana kuliko zile gari lilizotoka nazo kiwandani. Amenunua na shoku za kurekebisha, zenye pete nene ya chuma: ukiizungusha huku gari linashuka, ukiizungusha kule linapanda. Anataka gari lilale. Na asikudanganye mtu kwamba kupendeza ni haki ya wenye nacho. Tajiri akinunua gari lililoshushwa kiwandani mnaliita la kifahari. Kinyozi akishusha lake kwa jasho lake, mnaliita uhuni. Nani aliwapa mizani hiyo?

Lakini hili si gari la maonyesho. Kila asubuhi linapeleka watoto wawili shule, kisha linampeleka mke wa kinyozi kwenye cherehani yake. Mama mkwe naye hupanda kwenda kliniki ya presha. Ni gari la kazi, na ndiyo maana uani hapa kuna sheria moja, imeandikwa ukutani kwa rangi iliyobaki ya bampa: GARI HALIONDOKI BILA FAMILIA.

Maana yake ni hiyo hiyo unayoisoma. Ukishashushiwa gari, unawaleta wote wanaolipanda. Wanakaa kila mtu mahali pake, ndipo fundi anapima. Wateja wengi hucheka. Kinyozi yeye hakucheka, alishtuka.

"Nimlete mama mkwe gereji? Unataka nirudishiwe mahari?"

"Kumpakia humwonei haya, unaona haya kumpima?"

Sheria hiyo ina mwenyewe. Amekaa kwenye kreti karibu na geti, mwanamume mwenye mvi za mapema, mkono wa kulia umepinda kwenye kiwiko na haunyooki. Ni kaka yake Dada Springi. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi, enzi zile mkono ulipokuwa mzima na watu wakimwita Mwalimu.

Mwalimu alifanya kosa ambalo fundi mzuri tu ndiye hulifanya. Alishusha gari likatulia kama limechorwa, akalipima likiwa tupu, akafurahi, akakabidhi. Mwenye gari alikuwa amemshikilia tangu asubuhi: chini zaidi, chini zaidi. Wiki hiyo hiyo akaipakia familia na mizigo kwa safari. Gari likabonyea. Tairi la nyuma likasuguliwa na bodi njia nzima, likapasuka kwenye mteremko. Mama wa mwenye gari akapoteza mguu.

Watu walikuja uani hapa na marungu. Mwenye gari alikuwa kati yao. Alipoulizwa kama ni yeye aliyeagiza lishushwe kiasi kile, akatazama viatu vyake. Majirani wakafunga madirisha, mkono wa Mwalimu ukavunjwa. Madirisha hayo yapo mpaka leo, na waliokuwa nyuma yake wapo, wanamsalimia Mwalimu kila asubuhi: habari za leo, mzee?

"Kosa nililifanya," anasema Mwalimu, akiukanda mkono. "Mama wa watu hatembei, siwezi kusema halikunihusu. Lakini sikulifanya peke yangu."

Kinyozi anaijua hadithi hiyo. Hata hivyo anasimama, anajipangusa suruali.

"Dada, kama hushushi, navuka barabara. Wale hawaulizi ukoo wa mtu."

Ng'ambo ya barabara wanakata springi kwa grenda. Cheche zinaruka, gari linaporomoka, mteja anaondoka kabla chai haijapoa. Springi iliyokatwa hairudi kuwa nzima. Dada Springi huwa anapata magari matatu kwa wiki nzuri. Wale wanapata matatu kabla ya mchana. Yeye mwenyewe anayahesabu kutoka chini ya magari yake.

Miguu inajivuta, mwanamke anatoka, anakaa juu ya zulia lake.

"Nakushushia unavyotaka," anasema. "Sasa hivi. Halafu unawaita. Likinyamaza, nakuomba radhi mbele ya wakwe zako. Likisema, utalisikia mwenyewe."

Kinyozi anapiga simu.

Wanakuja adhuhuri. Mke anatangulia, watoto wanakimbilia kugusa rimu, na nyuma yao anakuja mama mkwe, mwembamba, mkoba kifuani, anaangalia kila kitu kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Mkwe, mizigo yenyewe ndiyo sisi?"

"Samahani, mama. Ni kazi ya fundi."

"Kazi nzuri. Mimi nakaa wapi siku zote? Hapo hapo."

Gari liliposhushwa, likiwa tupu, ngumi ya kinyozi ilipita nyuma kwa shida. Sasa wamekaa, mama mkwe na wajukuu nyuma, mke mbele. Dada Springi anajaribu kupitisha kiganja kilicholala bapa. Kinakwama kwenye vidole. Anampungia kinyozi mkono aondoe gari, alipitishe kwenye tuta la getini.

Krrrrr.

Mwalimu anafumba macho.

"Mkwe wangu," sauti inatoka kiti cha nyuma, "gari lako linasaga meno kama mtoto mwenye minyoo."

Uani wote unacheka isipokuwa kinyozi. Anazima injini, anashuka, anapiga magoti. Anapapasa juu ya tairi na kuona mstari umelainika, unang'aa, bado una joto. Ni upande anaokaa mwanawe mdogo.

"Pandisha," anasema.

"Kiasi gani?"

"Mpaka mama anyamaze."

"Mimi sinyamazi!" anajibu mama mkwe.

Kazi inaanza upya. Pete zinazungushwa, gari linapanda. Bolti za bushi, vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya chini, hazikazwi gari likiwa hewani. Zinasubiri lishushwe, libebe uzito wake, ndipo spana inaingia, la sivyo mpira unajinyonga na kuchanika. Nati za magurudumu zinakazwa kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili, na za mwisho kwa spana ya kipimo. Familia inapanda tena. Kiganja kinapita. Tuta linavukwa. Kimya.

Na bado gari linapendeza. Mke analizunguka, anauliza, "Si bado limelala?"

"Limelala," anasema Dada Springi. "Ila halikoromi."

Tatizo lake sasa ni ardhi. Ua umeinama upande mmoja, na gari halipimiki kwenye mteremko; kila mara anapanga mbao chini ya magurudumu mpaka maji kwenye sahani yatulie sawa. Anakusanya mifuko ya saruji, mmoja mmoja. Anataka sakafu ya zege, bapa kama meza, kabla mvua hazijaanza.

"Ikikauka, nawaita wale wa ng'ambo waje wapimie hapa. Bure."

"Si washindani wako?" unamuuliza.

Anacheka. "Mtoto wa kiti cha nyuma hajui gari lilishushiwa gereji gani."

Sasa zamu yako, na usisubiri saruji ya mtu. Kesho utawapakia unaowapenda. Leo, kabla jua halijazama, wapakie gari likiwa limesimama, injini imezimwa. Toka. Pitisha kiganja juu ya kila tairi. Kisipopita, au ukikuta mstari unaong'aa, gari hilo haliendi popote. Gari la jirani likisaga meno, msimamishe umwambie, akasirike akitaka. Na fundi akikwambia basi, inatosha, funga mdomo wako.

Mtaka cha mvunguni huinama. Tandika gazeti hili chini, upige magoti juu yake.

Inama.