Nilishusha Gari la Familia, Nikamsingizia Aliyetuokoa

Nisomeni, lakini msinihurumie. Nimekosa mara mbili katika jambo moja, na lile kosa la pili ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, dhahabu ya Geita ilipokuwa imewalevya wengi, na mimi nikiwemo. Kwetu ni Singida, ila nilioa Shinyanga na tulikuwa tunakaa Ngokolo, pale mjini. Biashara yangu ilikuwa kuwauzia wachimbaji sululu, makarai, kamba na pampu za maji. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa ananunua mpunga vijijini, anakoboa, anauza mchele. Msukuma huyo, mtu wa kazi kwelikweli.

Tukajinyima, tukanunua gari. Jipu refu la difu mbili, lenye viti vya nyuma vya kukunja. Nasema tulinunua, lakini mchele wake ndio ulionunua sehemu kubwa. Na yeye ndiye aliyelichagua.

"Hili liko juu," aliniambia. "Hata njia ikiwa mbaya litanifikisha kwa mama."

Mama yake alikuwa anaishi kijijini, mbele ya Tinde, ukishaiacha barabara kubwa.

Sasa kule Geita nilikuwa nashinda na wanunuzi wa dhahabu. Watu wa miwani myeusi na viatu vya kung'aa kwenye lile vumbi. Mmoja wao alikuwa ameshusha gari lake mpaka likakaribia kulala chini. Likipita, watu wanageuka. Siku moja akaliangalia la kwangu, akacheka.

"Kaka, pesa unayo, lakini gari lako kama la kubebea pamba. Lishushe kidogo, litulie."

Wenzake wakacheka. Ndugu zangu, kicheko kile kiliniuma kuliko hasara yoyote niliyowahi kupata. Sikumaliza wiki. Nikatafutiwa springi fupi na shokapu zake, mzigo uliotoka Dubai, nikalipeleka gari gereji. Fundi aliniuliza kama huwa nabeba watu wengi. Nikamjibu kwamba nabeba nafsi yangu tu. Akafunga alichoambiwa kufunga.

Nyumbani Mama Kulwa alilizunguka gari, mkono kiunoni.

"Baba Kulwa, hili gari limefanywa nini? Mbona limechuchumaa?"

"Nimebadilisha springi, zile zilikuwa zimechoka. Hizi mpya zitazoea."

Aliniamini. Alikuwa ananiamini kwa kila kitu wakati ule.

Baadaye mama mkwe akaja mjini kutibiwa macho. Alipopata nafuu, tukaondoka asubuhi moja kumrudisha kwake. Mbele nilikaa mimi na mke wangu, nyuma mama mkwe na pacha wetu, Kulwa na Doto. Nyuma kabisa kulikuwa na magunia ya mchele na mfuko wa sukari, juu tumefunga mabati ya nyumba ya mama. Gari lililala kwa uzito. Niliona nafasi kati ya tairi na bodi imekwisha kabisa, nikajifanya sioni.

Kila tulipoingia kwenye shimo, tairi lilikuwa linasaga bodi. Kulikuwa na mlio kama wa kitu kinachokwaruzwa, halafu harufu.

"Kuna mpira unaungua," mke wangu akasema.

"Ni watu wanachoma mashamba."

"Baba Kulwa, simama tuangalie."

Sikusimama. Ningesimama ningelazimika kueleza. Tena nikaongeza mwendo, ili tufike upesi.

Tulipoipita Tinde, kwenye mteremko, tairi la nyuma likapasuka. Gari likanivuta pembeni, likaacha barabara, likalala ubavu mtaroni. Nilichosikia kwanza ni watoto wakilia. Halafu sauti ya mama mkwe, anaita kwa Kisukuma, anamwita mama yake aliyekufa zamani.

Kwa mbali kulikuwa na mtu anachunga ng'ombe. Nilikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Masanja. Aliwaacha ng'ombe wake palepale, akaja mbio. Alivunja kioo cha nyuma kwa fimbo yake, akawatoa Kulwa na Doto mmoja mmoja, akamtoa mama mkwe, damu ya mikono yake mwenyewe ikichuruzika kwa vile vioo. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetoka kwa dirisha la mbele; yeye anawapokea watoto, mimi nimekaa chini tu. Yule mtu alifanya kazi iliyokuwa yangu.

Likapita lori. Mke wangu akapanda na mama yake na watoto, wakapelekwa hospitali. Mimi nikabaki na gari.

Watu wa kijiji wakajaa, na wakuu wa sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakafika na filimbi zao. Baadhi yao walikuwa ndugu wa mke wangu. Mmoja akaniuliza, "Shemeji, imekuwaje?"

Wakati ule Masanja alikuwa amerudi kukusanya ng'ombe wake. Kwa vile walikosa mchungaji, walikuwa wamesambaa, wengine wamesimama katikati ya barabara.

Niliwaangalia wale ng'ombe, nikanyoosha kidole.

"Waliniingilia," nikasema. "Nilikuwa nawakwepa."

Maneno machache tu. Sikuwa nimeyapanga. Lakini yalipokwisha kutoka nilijisikia mwepesi, na hilo ndilo linaloniogopesha nikilikumbuka.

Masanja alijitetea. Hakuna aliyemsikiliza, maana ng'ombe walikuwa barabarani, kila mtu anawaona. Wakaamua atoe ng'ombe mmoja, mtamba, apelekwe kwa mama mkwe kuwa fidia ya mguu wake uliovunjika. Na wakamwonya mbele ya wote kwamba ni mzembe, asichunge tena karibu na barabara. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza.

Mama mkwe aliporudishwa kijijini, Mama Kulwa alikwenda kumuuguza. Akamkuta yule mtamba amefungwa uani, akauliza ametoka wapi. Wakamweleza. Mke wangu alikuwa amekaa mbele na mimi siku ile, macho yake yako barabarani. Alijua hapakuwa na ng'ombe.

Hakunipigia kelele. Alirudi mjini, akaenda moja kwa moja gereji lilikovutwa gari, akaomba aonyeshwe tairi. Lilikuwa limelika ukingoni kuzunguka lote mpaka nyuzi zikatoka. Ndipo akaja nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua kitenge cha mabegani.

"Zile springi. Ulifanya kwa ajili ya nini?"

Nikamweleza. Kusema nilichekwa na watu wa Geita, mbele ya mwanamke ambaye mama yake amefungwa plasta ngumu ya mguu mpaka nyonga, ni jambo zito.

"Na Masanja? Aliyewatoa wanangu?"

Hakungoja jibu.

"Twende," akasema. "Mimi siwezi kumkanda mama yangu huku nikimwangalia ng'ombe wa mtu."

Tulikwenda. Masanja tulimkuta kwake, mikono bado ina makovu mabichi. Nilitaka kupiga magoti pale pale, tumalize kimyakimya. Yeye akamgeukia mke wangu kwanza.

"Dada, watoto hawajambo?"

Mke wangu akalia. Masanja akamwacha atulie, ndipo akaniambia, kwa Kiswahili cha taratibu, "Mimi najua ukweli. Kawaambie wale waliokusikia."

Wakaitwa watu, wale wale. Kisukuma changu kilikuwa cha salamu na sokoni tu, na wazee wengi pale hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Ikabidi nizungumze, Mama Kulwa atafsiri. Fikiria mwenyewe, mke anatafsiri aibu ya mumewe mbele ya ukoo wake.

Nikaanza, "Siku ile nilikosea kueleza."

Hakutafsiri. Aliniangalia.

"Niwaambie nini? Ulikosea, au ulidanganya?"

Watu walikuwa wanasubiri tafsiri.

"Nilidanganya," nikasema.

Akalitafsiri hilo, na yote yaliyofuata: springi, harufu, mwendo, kidole changu. Hakupunguza hata neno. Masanja alirudishiwa mtamba wake na mimi nikaongeza mwingine niliyetozwa. Hakunipa mkono. Simlaumu.

Gari tuliliuza likiwa limepondeka. Mama mkwe alipona, lakini hakutembea tena bila fimbo, na mimi hakuwahi kunigombeza. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri, ananiuliza habari za kazi.

Wewe unayesoma, kama una gari linalobeba mama yako na wanao, usiliharibu ili upendeze machoni pa watu ambao hata hawatakuja kukuuguza. Na kama umeshaharibu, sema palepale, kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wako.

Mke wangu hakuniacha. Tumezeeka pamoja. Lakini nikiwa nasimulia jambo mbele ya wageni, hata dogo la sokoni, namwona anaacha alichokuwa anafanya na kunisikiliza mpaka mwisho. Hasemi kitu. Anahakikisha tu.